Hotuba ya Afya Hupimwa Nyumbani kwa Msikilizaji

Kila Jumanne, saa mbili asubuhi, kabla ya vyumba vya madaktari kufunguliwa, wagonjwa wa kliniki yetu ya shinikizo la damu huketi kwenye mabenchi na kusikiliza somo la afya. Kwa miaka kadhaa somo hilo lilikuwa zamu yangu. Nilisimama mbele yao na bango lenye picha za moyo na figo, nikaeleza kwa nusu saa maana ya shinikizo la damu, visababishi vyake, madhara yake, vyakula vya kuepuka, mazoezi yanayofaa na aina za dawa. Mwishoni niliuliza, "Je, tumeelewana?" Mabenchi yote yalijibu kwa sauti moja, "Ndiyo, daktari!" Nami niliingia chumbani mwangu nikiamini kwamba nimefundisha.

Mmoja wa waliojibu kwa sauti kubwa alikuwa fundi cherehani wa makamo, mtu wa utani, ambaye hakukosa siku ya kliniki. Asubuhi moja hakuonekana benchini. Nilimkuta wodini, upande wake wa kulia umepooza kwa kiharusi, na mkono aliokuwa akikatia vitambaa umelala juu ya shuka bila nguvu. Nilimuuliza, kwa ukali ambao hadi leo naujutia, kwa nini aliacha dawa. Alijibu polepole, maneno yakimtoka kwa shida: "Sikuacha, daktari. Nilikuwa nameza kama ulivyosema. Ikipanda nameza, ikishuka naacha."

Nilirudi ofisini nikafungua daftari nililokuwa nikilitumia kufundishia. Katika ukurasa wa tatu niliikuta sentensi yangu mwenyewe: "Dawa hizi hushusha presha inapopanda." Fundi hakuwa amesikia vibaya. Alilisikia neno nililolisema, akalitii. Kosa lilikuwa katika hotuba, na gharama yake aliilipa yeye.

Tangu siku hiyo nilianza kujifunza upya jambo ambalo chuo cha udaktari hakikunifundisha vya kutosha: namna ya kuandaa na kutoa hotuba fupi inayompa msikilizaji maarifa ya kumfaa. Makala haya nawaandikia wenzangu watoao elimu ya afya, wawe wauguzi, matabibu, wakunga au wahudumu wa afya wa jamii. Nawaandikia pia wagonjwa wanaotusikiliza, kwa kuwa nao wana sehemu yao katika kazi hii.

Maneno yenye mtego

Katika mazungumzo ya kila siku, shinikizo kubwa la damu huitwa "presha ya kupanda". Jina hilo huleta akilini kitu kinachopanda na kushuka, kama homa. Mwenye homa huihisi, humeza dawa, na homa ikishuka huacha. Shinikizo la damu haliendi hivyo. Kwa watu wengi halina dalili yoyote kwa miaka mingi. Linalolitambulisha ni kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kilichorudiwa katika siku tofauti, wala si kuumwa kichwa au moyo kwenda mbio. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wazima zaidi ya bilioni moja wana tatizo hili, na kwamba karibu nusu yao hawajijui. Mgonjwa anayesubiri kuihisi presha ndipo ameze dawa anaweza kuishi bila kuhisi lolote mpaka siku ya kiharusi.

Neno la pili ni "dozi". Tumewafundisha watu, na tumefanya vyema, kwamba aliyepewa dawa ya malaria au antibiotiki ahakikishe anamaliza dozi. Mgonjwa wa shinikizo la damu akikabidhiwa vidonge 30 huvimeza vyote kwa uaminifu, kisha husema amemaliza dozi. Asiporudi kuchukua vingine, sisi humwita mtoro. Yeye anajiona ametii.

Mtego wa tatu hatukuutambua mpaka tulipouliza. Tukimwambia mgonjwa aje bila kula kwa ajili ya kipimo cha sukari, wapo wanaoacha pia dawa ya presha asubuhi hiyo, kwa kuwa wanaamini kwamba dawa humezwa baada ya chakula tu. Mgonjwa hufika kliniki kipimo kikiwa juu, na daktari asiyeuliza humwongezea dawa asizozihitaji.

Kuna pia udhaifu wa kumbukumbu, ambao sote tunao. Mwaka 2003 mtafiti wa Uholanzi, Roy Kessels, alipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu jambo hili. Alieleza kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya taarifa ambazo mgonjwa hupewa na wahudumu wa afya husahaulika papo hapo, na kwamba karibu nusu ya kile kinachokumbukwa hukumbukwa visivyo. Alionyesha pia kuwa kadiri mambo yanavyokuwa mengi, ndivyo sehemu inayokumbukwa kwa usahihi inavyopungua. Nusu saa yangu ya moyo, figo, chumvi, mazoezi na dawa ilikuwa sawa na kumimina ndoo ya maji katika kikombe.

Walivyofundishwa akina mama wa Bangladesh

Mfano bora zaidi ninaoujua wa hotuba ya afya iliyofanikiwa unatoka Bangladesh. Mwaka 1980 shirika la maendeleo la huko, BRAC, lilianza kuwatuma wanawake waliopata mafunzo mafupi waende nyumba kwa nyumba vijijini. Kazi yao ilikuwa kumfundisha kila mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari ya miwa kwa ajili ya mtoto anayeharisha. Mama wengi hawakujua kusoma, na vijiko vya kupimia havikuwapo. Basi vipimo vilitafutwa mwilini: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, sukari ya miwa ya konzi moja, na maji ya kipimo ambacho kila nyumba ilikijua. Mama hakuambiwa tu. Alitengeneza mwenyewe mbele ya mwalimu wake. Hadi mwaka 1990 zaidi ya nyumba milioni 12 zilikuwa zimefikiwa.

Kwetu sisi watoa elimu, mambo matatu ya mpango huo yanastahili kutafakariwa. La kwanza, somo lilianza na mambo kumi ya kukumbuka, kisha yakapunguzwa hadi saba. La pili, malipo ya mwalimu hayakutegemea idadi ya nyumba alizozitembelea. Wiki kadhaa baadaye wakaguzi walirudi kwa baadhi ya akina mama kuona wanakumbuka nini na wanatengeneza vipi, na mwalimu akalipwa kadiri ya walichokijua wanafunzi wake. La tatu, ilibainika kwamba akina mama wengi walijua kutengeneza lakini hawakutumia. Walipochunguza wakagundua kwamba baadhi ya walimu wenyewe hawakuiamini dawa hiyo, na kwamba wanaume wa nyumba hawakuwa wameelezwa chochote. Hayo mawili yakarekebishwa.

Leo sisi hutumia pakiti za ORS pamoja na vidonge vya zinki, na hilo ndilo la kufuata. Lakini kanuni ya ufundishaji haijachakaa: hotuba ya afya hupimwa nyumbani kwa msikilizaji, siku ambayo msemaji hayupo.

Tanzania nayo ina historia yake. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu takriban milioni 2 katika vikundi nchini kote. Walisikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana na kuamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Redio ilizungumza kwa dakika chache, na kazi kubwa ikafanyika katika mjadala uliofuata. Sisi tulioirithi nchi ile tumebakiza hotuba na kuusahau mjadala.

Kuandaa: anza na mwisho

Zamani nilianza maandalizi kwa kujiuliza, "Najua nini kuhusu ugonjwa huu?" Ni swali baya kwa daktari bingwa, kwa kuwa jibu lake halina mwisho. Sasa najiuliza, "Baada ya dakika kumi, msikilizaji huyu atafanya nini ambacho jana hakukifanya?" Jibu lazima litoshe katika sentensi moja, na sentensi hiyo huandikwa juu kabisa ya karatasi. Yangu ilikuwa hii: "Meza dawa yako kila siku, hata siku unayojisikia mzima."

Ukishaipata sentensi hiyo, utalazimika kuacha mengi, na hapo ndipo penye uchungu. Chumvi, kwa mfano, ni somo kubwa. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa hata chumvi iliyomo katika mkate na vyakula vya viwandani. Kumweleza hayo mama anayepikia watu sita sufuria moja kunahitaji asubuhi yake peke yake. Basi chumvi ipewe Jumanne nyingine. Ukiyachanganya yote, msikilizaji atajichagulia mwenyewe la kukumbuka, na huenda likawa lile lenye uzito mdogo kuliko yote.

Hatua inayofuata ni kuwajua wasikilizaji. Wiki moja kabla ya somo, keti na wagonjwa watatu au wanne, uwaulize kwa upole: Dawa yako unaimeza lini? Siku gani hukuimeza, na ilikuwaje? Usiwasahihishe, andika tu. Mitego yote mitatu niliyoitaja hapo juu niliipata kwa njia hiyo, na hakuna kitabu kilichowahi kunieleza.

Kisha tafuta mfano mmoja kutoka maisha yao. Nilichagua mpira wa kumwagilia bustani: maji yakisukumwa kwa nguvu nyingi kila siku, mpira hausemi kitu, lakini siku moja hupasuka au huchakaa. Kabla ya kuupeleka kliniki niliujaribu kwa shangazi yangu, ambaye hakusomea tiba. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, hiyo dawa inapanua mpira au inapunguza maji?" Nilikuwa sijafikiria kueleza hilo. Ukweli ni kwamba zipo dawa zinazolegeza na kupanua mishipa, na zipo zinazopunguza maji na chumvi mwilini kwa njia ya mkojo. Kwa swali lake mfano ukakamilika, na wagonjwa wakaelewa pia kwa nini wengine hupewa dawa mbili kwa pamoja. Mjaribu wako asiwe daktari mwenzako. Atakuelewa hata usipoeleweka.

Mpangilio wenyewe uwe mwepesi. Mwanzoni, taja tendo na sababu yake. Katikati, weka hoja zisizozidi tatu. Zangu ni hizi: presha haihisiwi, vidonge vingi vya presha hufanya kazi ya siku moja, hivyo cha jana hakikulindi kesho, na dawa ikikusumbua kwa kikohozi, miguu kuvimba au jambo lolote, rudi utuambie tubadilishe, usiache kimyakimya. Mwishoni, rudia tendo kwa maneno yaleyale uliyoanza nayo. Kubadili maneno ili hotuba ipendeze huifanya sentensi moja ionekane kama mbili.

Mwisho wa maandalizi ni kuitamka hotuba yote kwa sauti, saa ikiwa mbele yako. Kuisoma kimya hakutoshi. Mdomo hugundua sentensi ndefu ambayo jicho limeipita. Mara ya kwanza dakika zangu kumi zilikuwa 19.

Kusimama mbele ya mabenchi

Msikilizaji wa asubuhi ana mambo mengine moyoni. Hajala, ametoka mbali, na anahofia kupoteza nafasi yake ya foleni. Tulipoanza kugawa namba kabla ya somo na kutamka wazi kwamba hakuna atakayepoteza zamu yake, utulivu uliongezeka kuliko kwa mbinu nyingine yoyote. Wakati wa somo, mafaili yasipangwe wala majina yasiitwe. Anayeitwa katikati ya sentensi huondoka na nusu yake.

Simama panapoonekana na pasipo na feni au jenereta nyuma yako. Salimu, subiri, kisha anza bila kuomba radhi kwa jambo lolote. Ukiwa na woga, na wengi wetu tunao, ikariri sentensi ya kwanza na ya mwisho. Zilizo katikati zitakuja zenyewe, maana unaijua kazi yako. Baada ya kila hoja nyamaza kidogo. Ukimya huo, ambao kwako huonekana mrefu, ndio muda ambao msikilizaji anaweka neno mahali pake.

Onyesha kitu. Mimi huinua karatasi ya vidonge iliyokwisha na nyingine iliyojaa, nikiuliza, "Hii imekwisha. Je, ugonjwa nao umekwisha?" Vicheko hufuata, lakini swali hubaki. Tumia tarakimu chache, na maneno ya vitabuni yaache vitabuni. Usitishe watu. Aliyeogopeshwa kupita kiasi husikia kifo tu, hasikii njia ya kukiepuka. Wala usiwakaripie wanaosahau dawa, kwa kuwa mwaka mzima unaofuata watakuficha.

"Tumeelewana?" si kipimo

Kiitikio cha "Ndiyo, daktari!" ni adabu, si ushahidi. Wazee wetu hawamwaibishi mgeni wala mwalimu kwa kusema hawakuelewa. Badala yake omba msikilizaji aeleze kwa maneno yake, na mzigo ujitwike wewe: "Nataka kujua kama mimi nimeeleza vizuri."

Jumanne ya kwanza ya somo langu jipya nilimgeukia mama mmoja wa benchi la pili. "Mama, jirani yako ana presha, na leo anajisikia mzima. Akikuuliza ameze au asimeze, utamwambiaje?" Akafikiri, akasema, "Nitamwambia leo apumzishe mwili, maana zile dawa ni kali." Wengi walitikisa vichwa kumuunga mkono. Baada ya hotuba niliyoiandaa kwa wiki mbili! Lakini sasa nilijua. Imani ya kwamba mwili unahitaji kupumzishwa na dawa haikuwamo kabisa katika maandalizi yangu. Wiki iliyofuata ilichukua nafasi ya hoja ya kwanza. Kumuuliza mtu mmoja kulinichukua dakika moja, na kulinifunza kuliko miaka ya kujibiwa "ndiyo".

Kwako unayeketi benchini

Ndugu msomaji uliye mgonjwa au unayemuuguza mgonjwa, usidhani hotuba ni mali ya mhudumu peke yake. Kabla hujatoka chumbani sema, "Ngoja nieleze nilivyoelewa, unisahihishe." Hakuna daktari wa haki atakayechukizwa. Njoo na vidonge vyako vyote, pamoja na dawa za mitishamba kama unatumia, ili tuzungumze juu ya kitu tunachokiona. Ukiambiwa usile kwa ajili ya kipimo, uliza kuhusu dawa zako za asubuhi. Ukiwa na jambo linalokuzuia kumeza dawa, iwe bei, safari au maudhi ya dawa yenyewe, litaje. Kwetu si kosa lako, ni taarifa tunayoihitaji. Na ukiona ghafla uso wa mtu umepinda upande mmoja, mkono umelegea, au maneno yanakorogeka, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama dalili zimeanza kupungua.

Fundi alirudi kliniki baada ya miezi kadhaa, akitembea kwa mkongojo. Vitambaa sasa hukatwa na kijana wake, naye husimamia kwa maneno. Nilimwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nafasi ya kusema na wenzake kabla ya somo. Hakuwa na bango wala daftari. Aliuinua mkono wa kulia kwa kutumia wa kushoto ili wote wauone, akasema, "Presha haipigi hodi. Mimi nilikuwa naisubiri mlangoni." Akaketi.

Nilipouliza mabenchi wiki nne baadaye wanakumbuka nini, kila niliyemgusa aliitaja sentensi hiyo. Ndiyo ninayoanzia somo langu sasa, na hueleza imetoka kwa nani. Mwenzangu unayesoma haya, Jumanne yako inakuja. Chukua karatasi, andika juu yake tendo moja tu, kisha nenda benchini ukaulize kabla ya kusema.